Jini asiyeshindwa na kitu huua penzi

Ndugu Mhariri,

Riwaya zinazochanganya mapenzi na mambo ya ajabu zimewashika wasomaji kila upande. Kwenye maduka ya vitabu kuna za Kiingereza, za majoka na watoto wa wafalme. Kwenye simu na kwenye kurasa za hadithi za magazeti kuna zetu, za jini mahaba, mizimu na limbwata. Nazipenda zote, ndiyo maana naomba nafasi niseme zinapojikwaa. Zinajikwaa pamoja: mwandishi anatuambia nguvu zake za ajabu zinaweza nini, hatuambii zinashindwa nini.

Chukua Fourth Wing ya Rebecca Yarros, iliyotoka Mei 2023. Wanafunzi wa chuo cha kijeshi wanapanda majoka yenye mabawa, na joka akifa mpandaji wake naye hufa. Violet na Xaden wana kila sababu ya kuchukiana, maana baba yake Xaden aliongoza uasi akauawa, na mama yake Violet ni jenerali wa upande uliomuua. Lakini majoka yao ni mume na mke, hayawezi kukaa mbalimbali kwa siku nyingi. Basi vijana wale, watake wasitake, lazima wafuatane. Ukiyaondoa majoka, penzi lile halina pa kusimama. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa kila riwaya ya aina hii: toa uchawi, tazama kama mapenzi yamebaki vilevile. Yakibaki vilevile, uchawi ulikuwa pambo.

Kitabu cha pili, Iron Flame, kilifuata Novemba mwaka huohuo, kurasa zaidi ya 600, na hapo mwandishi alinichosha. Wapenzi wanarudia ugomvi uleule: Xaden ana siri, Violet anataka kuambiwa. Ugomvi wa siri una nguvu mara ya kwanza. Ukirudi mara ya pili lazima ufungue jambo jipya, la sivyo msomaji anaruka kurasa akitafuta majoka yako wapi.

Kwetu jambo hili lilikwisha fanywa vizuri zamani. Katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, Shaaban Robert anamweka Adili katika kazi ya kila usiku: kuwachapa manyani wawili ambao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, kwa amri ya jini Huria. Anawachapa huku moyo unamuuma. Ajabu ile ina saa yake, ina mjeledi, ina anayeumia kwa kuitekeleza, na kwa kuwa inajirudia kila usiku, siri haikawii kuvuja hadi kwa mfalme.

Sasa tazama jini mahaba wa hadithi zetu za wiki kwa wiki. Sehemu ya nne anapenya ukuta. Sehemu ya kumi na moja amefungiwa chumbani kwa kufuli anaomba msamaha. Sehemu ya ishirini anamfufua mtu aliyezikwa, na hakuna anayeuliza kwa nini hakumfufua mama wa binti mwanzoni. Kosa linatokana na namna ya kazi: sehemu moja huandikwa, hutoka, kisha mwandishi anawaza ijayo bila daftari la aliyokwisha kuyasema. Na masikitiko yangu ni kwamba mali ipo mikononi mwake. Jini mahaba, wajuavyo watu wa pwani, ana wivu, na kila posa ya mwanamke aliyempenda huvunjika. Hapo kisa chote kimeshajitengeneza, kinachotakiwa ni katazo moja tu upande wa jini, lifuatwe hadi mwisho.

Nitoe mfano wa katazo hilo. Tuseme jini wetu anajigeuza mtu kamili ila hana kivuli, na yuko Dar es Salaam. Mwanzoni mwa Machi, na tena kabla ya katikati ya Oktoba, jua la pale husimama utosini kati ya saa sita na saa saba mchana, na kivuli cha kila mtu hujificha chini ya nyayo zake. Hapo ndipo anapoweza kutembea na binti barabarani bila kustukiwa. Nusu saa baadaye kivuli cha binti kimeshatokeza shubiri moja, na jini lazima aage. Mwezi Juni hali ni mbaya zaidi: hata katikati ya mchana, mtu wa sentimita 170 hutupa kivuli kinachokaribia mita moja, kwa hiyo miezi ile jini haonekani nje kabisa, na mposaji mwenye kivuli chake anapata nafasi ya kuleta washenga. Binti anaanza kuchagua pa kusimama, anapenda miembe yenye giza zito, anachukia taa za barabarani. Jirani anaona hayo kabla ya mama yake. Mwandishi hahitaji tena kumleta mganga kila sehemu ili kisa kisogee.

Limbwata nalo lina shida yake. Likifanya kazi barabara, mapenzi yamekwisha, kwa sababu mume hakuchagua kitu. Riwaya inayomwacha mke akifurahia mume aliyelishwa dawa inatuomba tushangilie mfungwa. Kisa kinaanza siku dawa inapoisha nguvu, mke anapika chakula kisicho na kitu, anaketi kumsubiri kama atarudi.

Majina pia yanavunja moyo. Vijana wanaandika Kiswahili kizuri halafu mfalme wao anaitwa Alexander wa Eldoria, na joka lake lina mabawa na linatema moto, wakati joka la hadithi zetu ni nyoka mkubwa anayekaa pangoni au ziwani akidai kodi ya watu. Nyoka anayedai kodi ana njaa, ana siku ya kulipwa, na ana kijiji kinachomwogopa. Ana mengi ya kumpa mwandishi.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Kabla ya kuchapa sehemu ya kwanza ya hadithi yoyote ya namna hii, mdai mwandishi karatasi mbili. Ya kwanza iwe nusu ukurasa wa makatazo: kiumbe huyu hawezi nini, nguvu zake zinamgharimu nani, na zinaisha lini. Ya pili iwe mwisho wa hadithi, hata kama ni aya tatu, ikae mezani kwako. Na kila sehemu mpya inapofika, msomee kwanza ile karatasi ya makatazo.

Msomaji wako,
Tanga