Barua ya wazi kwa vijana wanaochora ramani za vita vya Somalia

Assalaam aleykum wanangu,

Nawaandikia nyinyi mnaoripoti habari za Somalia kutoka Nairobi, Kampala, Bujumbura na Dar es Salaam, na hasa nyinyi mnaochora zile ramani za rangi kila mji unapotekwa. Ramani zenu zinapendeza macho. Kasoro yake ni kwamba nyingi hujibu swali moja tu: nani ana bunduki mjini leo? Swali hilo ndilo jepesi kuliko yote, na mwaka 2006 liliwapoteza hata watu wazima wenye vyeo.

Mwaka huo ndio wa kujifunzia, kwa sababu kila kitu kilitokea haraka na hadharani. Mtasoma kwamba vita vya Mogadishu vilianza Februari, wababe wa kivita walipounda muungano wao wa kupambana na ugaidi, huku ikiripotiwa kila kona kwamba majasusi wa Marekani ndio waliokuwa wakiwalipa. Bunduki zililia kabla ya hapo, mwezi Januari, na chanzo kilikuwa bandari. Bandari kuu ya Mogadishu ilikuwa imefungwa tangu 1995. Mizigo ilishushwa El Ma'an, ufukwe ulioko kaskazini mwa jiji: meli inatia nanga mbali, mashua zinaifuata, wapagazi wanabeba magunia mabegani mpaka mchangani. Waliogombana ni Bashir Rage, mbabe, na Abukar Omar Adane, mfanyabiashara aliyekuwa mfadhili mkubwa wa Mahakama za Kiislamu. Wote wawili ni Abgaal, yaani wa ukoo mmoja. Basi mkiandika kwamba ilikuwa dini dhidi ya wasio na dini, mtakuwa mmekosea tangu sentensi ya kwanza.

Hizo Mahakama zenyewe hazikushuka kutoka mbinguni wala Afghanistan. Za mwanzo zilisimama kaskazini mwa Mogadishu mwaka 1994, kila moja ikiwa mali ya ukoo wake. Ukoo unamteua shekhe awe kadhi, wazee wanamuunga mkono, wafanyabiashara wanalipa vijana wenye silaha, na mwizi anahukumiwa na watu wa damu yake mwenyewe, kwa hiyo hukumu haigeuki kisasi cha ukoo kwa ukoo. Mwaka 1999 matajiri wa jiji walichoka kuwalipa wababe kodi. Waliwanunua wapiganaji kutoka mikononi mwa mabosi wao wakawakabidhi kwa mahakama. Hapo ndipo mizani ilipoanza kuhama, miaka saba kabla ya vyombo vya habari kugutuka.

Tazameni vizuizi vya barabarani, wanavyoviita isbaaro. Lori likitoka El Ma'an kwenda soko la Bakaara lilisimamishwa mara kwa mara, kila kizuizi na kijana wa ukoo mwingine, kila kijana na bei yake, na bei hiyo hupanda jua linapokuchwa na mirungi inapokwisha mdomoni. Gharama yote iliishia kwenye kilo ya sukari. Mahakama zilipotangaza tarehe 5 Juni 2006 kwamba Mogadishu iko mikononi mwao, kazi iliyowapatia mapenzi ya watu ilikuwa kuondoa vizuizi hivyo. Uwanja wa ndege ukafunguliwa Julai, bandari Agosti. Mama wa Mogadishu aliyeweza kwenda sokoni na kurudi na pesa zake hakuuliza shekhe ni wa madhehebu gani.

Na serikali ya mpito ilikuwa wapi? Iliundwa Kenya mwaka 2004 kwa wabunge 275, viti vikigawanywa kwa fomula ya nne na nusu: koo nne kubwa sawa kwa sawa, zilizobaki nusu. Iliingia Somalia kupitia Jowhar, ikahamia Baidoa, na Februari 2006 bunge likakaa katika lililokuwa ghala la nafaka. Mkitaka kuupima udhaifu wake, angalieni orodha ya mawaziri: Mohamed Qanyare wa usalama wa taifa, Musa Sude wa biashara, na wenzao, ndio hao hao wababe waliokuwa wakipigana Mogadishu kwa ajili yao wenyewe. Waziri Mkuu Gedi aliwafukuza kazi Juni, walipokuwa tayari wameshashindwa. Juu ya hayo Rais Abdullahi Yusuf aliomba majeshi ya kigeni, na kwa Wahawiye wengi wa Mogadishu, yaani watu wa ukoo mkubwa wa jiji hilo, neno "kigeni" lilimaanisha Ethiopia. Kila alipolitamka, Mahakama zilipata vijana wapya bila kutoa senti.

Sasa njooni kwenye kasi. Jowhar ilianguka mikononi mwa Mahakama tarehe 14 Juni. Kismayo, mwishoni mwa Septemba, ilichukuliwa karibu bila risasi, kwani kikosi cha Barre Hiiraale, mbabe aliyeushika mji huo, kiliondoka. Hapa ndipo wachoraji wengi huteleza. Mji uliochukuliwa bila risasi umepatikana kwa makubaliano, na makubaliano yana masharti. Ulizeni mambo haya kabla ya kupaka rangi: mzee gani wa ukoo gani alikubali, bunduki kubwa zilizofungwa kwenye pikapu zimekabidhiwa au zimefichwa tu, na anayekusanya ushuru bandarini leo ni mgeni au ni yule yule wa jana aliyebadili kilemba.

Tazameni pia kilichokatazwa na Mahakama. Julai 2006, watu wawili waliuawa kwa risasi Dhuusamarreeb wakati wa kutazama nusu fainali ya Kombe la Dunia. Novemba mirungi ikapigwa marufuku, ndege za kutoka Kenya zikakosa soko, na Kismayo watu wakaandamana. Wauzaji wa mirungi Somalia wengi ni akina mama wenye watoto wa kulisha. Amri kama hizo hupunguza deni la shukrani lililopatikana kwa kuondoa isbaaro, na ramani haitawaonyesha hilo kamwe.

Halafu ikaja Desemba. Mazungumzo ya Khartoum kati ya serikali na Mahakama yalikuwa yameshakwama. Tarehe 20 mapigano yalizuka kuizunguka Baidoa, huko Iidale na Daynuunay, nchi tambarare. Wanafunzi wa upande wa Mahakama waliopakiwa kwenye malori walikutana na vifaru na ndege za Ethiopia. Tarehe 28 Mogadishu ilikuwa imekwenda. Siku tisa! Lakini jiji lenyewe halikupiganiwa. Wazee na matajiri waliokuwa wametoa watu na silaha walizidai zirudishwe, kila ukoo ukachukua pikapu zake kama mtu achukuavyo vyombo vyake baada ya harusi, na isbaaro zikarudi mara moja. Kilichovunjika ni ule mkataba wa koo uliokuwa umezishikilia Mahakama pamoja.

Wengi waliandika wakati huo kwamba Mahakama zimekwisha. Wanajeshi wa Uganda walifika Machi 2007 kulinda serikali isiyo na barabara hata moja salama. Al-Shabaab, waliokuwa tawi dogo kali ndani ya Mahakama, walibaki na silaha zao kwa sababu hawakuzikopa kwa ukoo wowote. Agosti 2008 waliitwaa Kismayo. Januari 2009, Waethiopia walipoondoka Baidoa, mji uliingia mikononi mwao mara moja, na mwezi huo huo Sheikh Sharif, mwenyekiti wa zamani wa Mahakama, akachaguliwa rais kule Djibouti. Mtu yule yule wa 2006, safari hii akilindwa na majeshi ya Afrika.

Kanuni haijabadilika. Mwaka 2022 serikali ilisonga mbele dhidi ya Al-Shabaab katika mikoa ya Hiiraan na Shabelle ya Kati kwa sababu koo zenyewe ziliinuka, wale wapiganaji wa Macawisley, wakiwa wamechoshwa na zaka ya lazima na kutekwa kwa watoto wao. Mji wa Adan Yabaal ukakombolewa Desemba. Agosti 2023 jeshi lilipigwa Cowsweyne, vikosi vikaacha miji kadhaa waliyoishika punde tu, na Aprili 2025 Al-Shabaab wakarudi Adan Yabaal. Aliyekuwa akihesabu miji alishangaa. Aliyekuwa akiuliza nani anabaki mjini jeshi likipita, polisi wangapi, kadhi yupi, chakula kinapita barabara gani, hakushangaa.

Kwa hiyo mkipigiwa simu usiku kwamba mji fulani umetekwa, iacheni rangi kwanza. Mtafuteni dereva wa lori. Muulizeni amelipa mara ngapi kati ya bandari na soko, amemlipa nani, na kama alipewa risiti. Al-Shabaab hutoa risiti, na ukiionyesha kizuizi kinachofuata hulipi tena. Mkisikia dereva wa barabara inayosemekana ni ya serikali anabeba risiti ya wale wengine mfukoni, andikeni hivyo hivyo, na tarehe yake.

Wasalaam,
Mzee wenu, Mombasa