Risala ya Kamati ya Zahanati kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Uzinduzi wa Tangi la Maji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, chifu na naibu wake, wazee wa mtaa, viongozi wa dini, wahudumu wa afya ya jamii, akina mama wa kliniki, mabibi na mabwana, hamjambo.

Kwa niaba ya wakazi wa kona hii ya Ganze tunakukaribisha kwa mikono miwili. Barabara ya kutoka Kilifi umeiona mwenyewe. Vumbi lililo kwenye gari lako ni sehemu ya risala hii.

Mheshimiwa, zahanati yetu ilianza kama chumba kimoja cha udongo, kwa nguvu za wazazi wetu na harambee ya mbuzi na kuku. Mwaka 2013 kaunti zilipoanza kazi, ikaingia mikononi mwa serikali ya kaunti kama Katiba ya 2010 ilivyoelekeza. Historia ni ndefu kuliko hapo, lakini jua ni kali na akina mama wamekaa chini.

Mafanikio ni mengi. Tumepanua huduma za mapokezi kwa kuongeza mabenchi mawili. Tumewaondoa popo wote waliokuwa darini, isipokuwa wachache. Tumepaka rangi ukuta wa mbele, ule unaoonekana kutoka barabarani. Wahudumu wa afya ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba na mikoba yao, wakipima presha na kuhimiza watu wajisajili SHA, bima ya afya ya serikali. Na leo tuna tangi hili la lita 10,000, ambalo kwa sisi tunaonunua maji kwa mtungi kila kiangazi si jambo dogo hata kidogo.

Changamoto hazikosi, ila kamati ilikubaliana tusikuchoshe na orodha. Wakati mmoja tuliomba mambo 12 kwa pamoja, na huenda mgeni wetu alishindwa pa kuanzia. Leo tunaomba moja tu: nyumba ya muuguzi.

Zahanati hii ina muuguzi mmoja. Ni mchapakazi na hatumlaumu kwa lolote. Hana pa kulala hapa, kwa hiyo amepanga chumba mjini Bamba, na saa kumi na moja jioni hupanda bodaboda kabla giza halijaingia. Akishaondoka, ni kufuli. Ijumaa jioni hilo kufuli hufungwa mpaka Jumatatu. Na uchungu wa uzazi, Mheshimiwa, hauna saa za kazi.

Msimu wa mvua uliopita mwenzetu mmoja alishikwa na uchungu saa tano usiku. Aliletwa kwa pikipiki, yeye katikati, mama mkwe nyuma akimshikilia. Kwenda Bamba haikuwezekana, mto wa msimu ulikuwa umejaa. Alijifungulia barazani hapo, chini ya bango linaloeleza faida za kujifungulia kituoni, kwa tochi ya simu iliyobakiwa na chaji kidogo, wanawake wawili wakishika leso kuzuia upepo. Hatua tatu kutoka kichwani pake, nyuma ya mlango, kulikuwa na kitanda cha kujifungulia, glavu, na kwenye friji ile sindano ya kuzuia kuvuja damu. Mtoto ni mzima. Baba yake alitaka aitwe Kufuli, hawe yake, yaani bibi yake, akakataa katakata. Mama alivuja damu mpaka karibu na alfajiri. Wataalamu hutuambia mama akivuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa 2. Huku kwetu, saa 2 hizo ni za kutafuta gari.

Tangu Juni 2013 mama wa Kenya ameambiwa kujifungua katika kituo cha umma ni bure. Ikaja Linda Mama, mpango wa serikali wa kugharamia uzazi, na tangu Oktoba 2024 tuko SHA, ambapo hata asiye na mshahara hulipa angalau shilingi 300 kwa mwezi. Tumejisajili, kadi tunazo. Sasa bure ya mlango uliofungwa, Mheshimiwa, ni bure gani? Na ni kaunti hii hii yenye kituo cha utafiti kinachojulikana duniani, kilichoanza 1989; watoto wa Kilifi walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria, nasi tunaona fahari. Sayansi imeshatufikia. Kilichobaki ni vyumba viwili na choo.

Ombi hili si geni. Hii ni risala yetu ya nne, na hoja ya nyumba ya muuguzi imo katika zote. Tunachobadilisha ni cheo cha mgeni. Wa kwanza alipiga makofi. Wa pili alikuja na mtu wa kupima, vikapigwa vigingi vinne. Siku hizi tunafungia mbuzi. Wa tatu aliandika kwa mkono wake katika kitabu cha wageni kwamba nyumba itaanza kabla ya mvua. Hakutaja mvua za mwaka gani, na sisi kwa adabu hatukuuliza.

Hatukai tu, Mheshimiwa. Kiwanja kipo na barua yake ipo. Mchanga akina mama wameubeba kwa ndoo kutoka mtoni. Ni lile rundo ulilolipita getini, kuku wanaogea humo. Vijana wako tayari kuchimba msingi. Tunakosa saruji, mabati, fundi na sola ya taa. Tunajua pia kwamba mtu mmoja hawezi kufanya kazi mchana na usiku, ndiyo maana tukasema vyumba viwili. Muuguzi wa pili tumekubaliana kumwomba katika risala ijayo.

Tumekuandalia jogoo na kikapu cha maembe. Kitabu cha wageni kiko mezani, kimefunguliwa, na safu ya tarehe tumeipigia mstari kwa wino mwekundu.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya Zahanati