Mafaili ya watu lazima yafunguke

Mwanangu, mambo vipi,

Natumaini huko Dar mko poa na mama anaendelea vizuri, mfikishie shikamoo yangu na umwambie zabibu zake sijasahau, zikiiva nampakilia. Huku Dodoma ni upepo na vumbi kama unavyopajua, ila tuko salama, na watu wa Ng'ong'ona wote wanakuulizia.

Sasa kaka, ule ujumbe wako mrefu wa fomati mpya ya mafaili nimeusoma usiku, asubuhi nikausoma tena, nikaona nisikujibu kwa voisi maana kwa voisi tunakatizana halafu hakuna kinachoamuliwa, bora nikuandikie barua kabisa uisome ukiwa umetulia. Unasema vesheni ijayo ya programu yetu ya kuchorea tuachane na faili la maandishi, tuhamie baineri, lile faili ambalo mtu hawezi kulisoma kwa macho, ifungue haraka, iwe nyepesi, na wale wenye mafaili ya zamani ama wabaki na vesheni waliyonayo ama wachore upya. Hayo ya mwanzo tunaweza kuyaongea. Hilo la mwisho nakataa, tena nakataa kabisa, na nataka unielewe ni kwanini.

Watumiaji wetu ni watu gani? Ni walimu wa vyuo, wanafunzi wanaomalizia utafiti, watu wa maabara. Mtu anayechora bango la ofa ya duka, wiki ikiisha bango limeshatupwa na faili lake hana habari nalo. Mtu wa chuo siyo hivyo. Yule mwalimu wa hesabu unayemjua, michoro yake ya jiometri anaifundishia mwaka baada ya mwaka, kila muhula anafungua ileile anaongeza mstari, anabadilisha herufi ya pembe, anaiprinti kwenye mtihani. Mwingine anatuma makala kwenye jarida, miezi inapita, majibu yanarudi yanasema mchoro namba 3 urekebishwe, mistari iwe minene na maandishi yakuzwe, sasa huyo akifungua laptopu akute programu imeshaapdetiwa na mchoro wake haufunguki, unamwambia nini? Achore upya kitu kilichomtoa jasho wakati makala inadaiwa wiki hiyo hiyo? Mimi huyo siwezi kumtazama usoni.

Na kuna yule binti wa historia anayefanya kazi yake kule Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani ile iliyoingizwa urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2006. Anapiga picha ya mwamba, anaiweka leya ya chini, yani tabaka la chini la mchoro, halafu juu yake anafuatisha kila mstari wa mchoro, twiga, watu warefu wale wenye vichwa vya ajabu, rangi nyekundu leya yake, nyeupe leya yake, na sehemu aliyokuwa na shaka nayo anaiwekea leya nyingine kabisa ili mtu wa baadaye ajue hapa alikisia. Mwaka 1951 Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili hiyo hiyo michoro kwa mkono, na leo watu bado wanazirudia nakala zake kulinganisha, maana mwamba unaliwa na jua na mvua na moshi, kilichoonekana wakati ule kingine saivi hakionekani vizuri. Sasa kazi ya huyu binti nayo ni ya namna hiyo, miaka ishirini ijayo mtu atataka kulifungua lile faili azime leya ya wekundu abaki na nyeupe. Nakala ya karatasi inafunguliwa kwa macho tu. Ya kwake inatutegemea sisi wawili kaka, na hapo ndipo mimi nakosa usingizi.

Usiniambie haiwezekani kusonga mbele bila kuacha watu nyuma, inawezekana na wenzetu wameshafanya. Chukua Ipe, ile programu ya kuchorea tuliyoanza nayo kabla hatujaandika ya kwetu. Otfried Cheong aliianza mwaka 1993, na yeye mwenyewe ni mtafiti wa jiometri ya kompyuta, yani alikuwa anajichorea michoro ya makala zake. Tangu hapo ameijenga upya zaidi ya mara moja, faili limebadilika, namna ya kuiongezea vitu nayo imebadilika, toleo la 7 likaja na lugha ya programu ya Lua ndani. Lakini angalia alichofanya kila alipobadilisha: mwenye faili la Ipe 5 akaachiwa kiprogramu kinaitwa ipe5toxml, mwenye la Ipe 6 akaachiwa ipe6upgrade. Basi. Unapitisha faili lako pale unaendelea na maisha. Na kile kitu chake kingine ninachokipenda kuliko vyote, kwamba ukisevu mchoro kama PDF, ndani ya hiyo PDF anaficha maelezo yote ya mchoro, kwaiyo PDF hiyo hiyo uliyoiweka kwenye tasnifu unaweza kuirudisha kwenye programu ukaendelea kuihariri. Mwanafunzi hana mafaili mawili ya kupoteza, analo moja.

Inkscape nao, programu nyingine ya kuchorea, toleo la 0.92 lilipotoka mwaka 2017 walihamisha kipimo kutoka piseli 90 kwa inchi kwenda 96 ili waende sawa na vivinjari vya intaneti. Ni kitu kidogo ukikisikia, ila maana yake mchoro wa zamani ukiufungua bila tahadhari saizi yake inahama, na kwa mtu wa michoro ya kipimo hilo ni janga. Wakaweka kidirisha, ukifungua faili la zamani programu inakuuliza, hili faili lilichorwa kwa kuangaliwa kwenye skrini tu au vipimo vyake ni vya kweli? Hawakukisia, waliuliza. Na mimi nataka tuwe watu wa namna hiyo.

Haya, tuje kwenye uzito maana hapo una hoja na siwezi kukunyima. Ni kweli faili la binti wa Kolo linafunguka taratibu mno. Ila nimeingia ndani nikaangalia, mistari yake yote ni kitu kidogo sana, ni namba za nukta na mikunjo tu, kinacholemea ni zile picha za mwamba tulizozigeuza kuwa maandishi kwa base64, ile njia ya kuiandika picha kwa herufi, ili zikae ndani ya XML, yani hilo faili letu la maandishi, na base64 peke yake inaongeza kama theluthi ya ukubwa, halafu kila ukifungua programu inabidi iyasome hayo maandishi yote iyarudishe kuwa picha. Kwaiyo tatizo ni namna tulivyobeba picha, XML yenyewe haina kosa. Tufanye kama docx za Word na odt za LibreOffice zinavyofanya, zile ni ZIP tu, kifurushi cha mafaili, ndani kuna XML na picha zimekaa pembeni zikiwa vilevile zilivyo. Sisi nasi mchoro uwe maandishi yasiyobanwa, picha zikae kando ndani ya ZIP hiyo hiyo, na vesheni mpya isome faili la namna ya kwanza na la namna ya pili bila kumuuliza mtu chochote, na mtu akitaka kusevu kwa namna ya zamani kwa ajili ya mwenzake ambaye hajaapdeti, aweze. Unapata kasi yako unayoitaka na hakuna aliyeachwa.

Na baineri siitaki kwa sababu moja zaidi. Faili la maandishi likiharibika, umeme umekatika katikati ya kusevu au flashi imeanza kufa, naweza kulifungua kwa notipadi nikaona maelezo ya mchoro yameishia wapi, nikafunga mabano, na robo tatu ya kazi ya mtu ikapona. Wewe mwenyewe umeniona nikifanya hivyo. Baineri ikikatika pale katikati utaishia kumpa mtu pole.

Alafu hili la mashine tofauti. Maabara za huku ni Windows, nyingine kuukuu kwelikweli, wanafunzi wa kompyuta wapo kwenye Ubuntu, yani Linux, na walimu wachache wana Mac. Faili ni lilelile linazunguka kwenye flashi kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na kila mashine ina tabia zake. Kuna mwalimu laptopu yake ina mpangilio wa Kijerumani, alisoma huko, sasa Wajerumani desimali wanaandika kwa mkato, programu ikasevu 12,5 mahali pa 12.5, faili likifika kwa mwingine mchoro mzima umejikunja kwenye kona. Nimeshalirekebisha, saivi wakati wa kuandika faili programu haiulizi kompyuta inapenda mkato au nukta, inaandika nukta tu popote ilipo. Windows haijali kama picha ambayo mtu ameiacha nje ya faili inaitwa Mwamba.png au mwamba.png, Linux inajali, na hiyo nayo itaisha tukishaziweka picha ndani ya ZIP. Maandishi ya kwenye mchoro ndo yalikuwa yanatusumbua kuliko yote, fonti iliyopo kwenye Mac haipo kwenye Windows, neno linapanuka linapanda juu ya mshale, kwaiyo nazidi kuona wenye LaTeX, ile ya kupangia makala za hesabu na sayansi, wabaki na LaTeX yao, fonti ziingie ndani ya PDF, na wa kawaida tuwape fonti chache zinazosafiri pamoja na programu yenyewe.

Na tusiwasahau watu wa Word, ndo wengi. Hao PDF haiwasaidii. Word za karibuni zinapokea SVG, ile fomati ya michoro ya kwenye wavuti, vizuri, za zamani hazipokei, kwaiyo EMF, ile fomati ya michoro ya Windows, tusiitoe, hata kama wewe unaiona ni takataka ya zamani. Mwanafunzi akikosa njia anapiga picha ya skrini anaibandika, kwenye skrini inaonekana sawa, akifika steshenari kuprinti mistari ina ukungu na namba kwenye grafu hazisomeki, na hapo ameshalipia na baindingi.

Kuhusu Qt, ile tunayojengea madirisha na vitufe vya programu, ndiyo najua Qt 6 ni nzuri na tutahamia, lakini yenyewe inaanzia Windows 10, na kuna maabara huku bado zina Windows 7. Tuwawekee ile ya Qt 5 ibaki pembeni, hatuiongezei kitu kipya, ila ijue kufungua faili la ZIP. Hilo tu.

Sasa jinsi ninavyotaka twende. Nimeanza kukusanya mafaili ya zamani kwa watu, kwa ruhusa yao, ya vesheni zote tangu ile ya kwanza kabisa yenye vitufe vilivyopinda, kila moja na PDF yake ilivyotoka wakati ule. Kabla hatujatoa apdeti yoyote, folda nzima inafunguliwa kwenye Windows, Linux na Mac, programu inatoa PDF mpya, tunalinganisha na ya zamani, mstari ukihama hata kidogo hatutoi, tunatafuta kwanza. Windows na Linux nazimudu mimi. Mac ni wewe, kwasababu Mac unayo wewe, na zile mpya za chipu za Apple wenyewe sijawahi hata kuzigusa. Ile ada ya Apple ya dola 99 kwa mwaka ya kusaini programu tuichangie nusu kwa nusu, maana bila saini Mac inamtisha mtumiaji kwamba programu haijulikani, na mwalimu wa watu akiona vile anaacha.

Na tafadhali, hii vesheni tusiitoe Juni wala Julai. Najua ukimaliza kitu mikono inakuwasha. Ila miezi ile watu wanamalizia tasnifu, wanakimbizana na masupavaiza, mtu hatakiwi kukutana na kitu kipya hata kama ni kizuri. Tungoje chuo kifungue Oktoba au Novemba, watu wana nafasi ya kujaribu, wakikwama wanatuuliza bila presha. Na instola iwe faili moja linalobebeka kwenye flashi, siyo ile ya kudanlodi vipande vipande, bando la mwanafunzi unalijua.

Kama bado unaona baineri ni lazima, basi usinijibu kwa voisi, panda treni ya SGR Ijumaa uje tukae Jumamosi nzima, nikuonyeshe hiyo folda na tufungue faili la Kolo pamoja uone muda unakwenda wapi. Kama umekubali, nitumie jibu fupi tu nianze kuandika sehemu ya kusoma ZIP, na wewe anza na ya Mac.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mwanao wa Ng'ong'ona