Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Makaburi ya Wageni na Makaburi ya Wenyeji wa Nyeri

Wanachama wenzangu, hamjambo.

Mwezi wa saba mimi na katibu tulikaa siku nzima tukilipitia daftari letu la makaburi, lile tunalowasomea wageni. Nia yetu ilikuwa kusahihisha tahajia tu. Tulichokikuta ni aibu ya namna nyingine: katika zile kurasa zilizochakaa kwa kufunguliwa kila wiki, hamna mtu hata mmoja aliyezaliwa Nyeri. Wamo Waingereza, wamo Waitaliano, yumo mwindaji aliyezaliwa India. Chama ni cha kutunza makaburi ya watu mashuhuri wa kaunti hii, na mwenyeji hayumo.

Siwalaumu waasisi wetu. Katiba inasema tushughulikie makaburi ya makanisa, ya serikali na ya vita, na mtu wa Nyeri hazikwi huko akiwa na pa kuzikwa. Anazikwa shambani kwake, kando ya kahawa au nyuma ya nyumba, watoto wakimwona kila wakienda kuchota maji. Makaburi ya mji ni ya asiye na kwao. Mwambie mama mzee wa Mukurwe-ini kwamba siku yake ikifika atapelekwa makaburi ya umma, uone atakavyokutazama. Na hata huko kuzikana shambani si kwa tangu jadi. Mababu zetu waliwazika wachache, wazee wenye mali na watoto, na wengine wakaachiwa pori na fisi. Kuzika kila mtu kulikuja na wamishonari na amri za mkoloni. Ndiyo maana mawe ya zamani yenye maandishi katika kaunti hii karibu yote ni ya wageni, nasi tulianza na hayo kwa kuwa ndiyo yanayosomeka.

Nitawaeleza tulivyoutumia mwaka, kisha nitawaomba kura.

Kazi kubwa ilikuwa tena kwenye makaburi ya kanisa la St Peter's mjini Nyeri, kama ilivyo kila mwaka kabla ya tarehe 22 Februari, siku aliyozaliwa Robert Baden-Powell, mwasisi wa skauti, ambapo skauti hufurika pale. Alizaliwa London mwaka 1857, akahamia Nyeri mwaka 1938 katika ile nyumba ndogo ya Paxtu kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, akafia humo tarehe 8 Januari 1941. Jiwe lake mnalijua: duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiacha njiani kuwaambia wenzake kwamba amekwisha kurudi nyumbani. Majivu ya mkewe Olave, aliyefariki Uingereza mwaka 1977, yaliletwa yakawekwa papo hapo. Karibu nao amelala Jim Corbett, yule mwindaji aliyezaliwa India, aliyeishi Paxtu baada yao na kufariki tarehe 19 Aprili 1955. Wageni kutoka India humwulizia yeye kwanza, na wana haki, maana kwao ndiye aliyemuua yule chui wa Rudraprayag mwaka 1926, chui anayehesabiwa kuwa alikula watu 125.

Hapo St Peter's tulikosea, na kosa ni letu sisi kamati. Siku ya usafi tulialika kikundi cha vijana wa kujitolea bila kuwapa maelekezo, nao wakaja na brashi za waya na ile asidi ya kusafishia vyoo. Walifanya kazi kwa moyo mmoja. Kufika saa tano kaburi moja dogo la marumaru, la mtoto, lilikuwa jeupe kama karatasi na herufi zake zimeanza kuyeyuka. Asidi hula marumaru na mawe ya chokaa. Maandishi yaliyostahimili mvua za miaka themanini huliwa kwa asubuhi moja. Tuliomba radhi kwa wahusika. Tangu siku hiyo kanuni ni maji matupu, brashi laini na subira, na kuvu iliyokataa kutoka inaachwa ilipo. Wala mtu asipake rangi herufi zilizofifia. Tuziandike daftarini kwanza zikiwa bado zinaonekana, tupige picha asubuhi au jioni jua likiwa chini, maana vivuli huonyesha hata kile ambacho macho ya saa sita hayakioni.

Mjadala uliozuka kwenye mkutano wetu wa Septemba kuhusu Baden-Powell haukuisha, na sikutaka uishe. Mwanachama mmoja, mwalimu mstaafu, aliuliza kwa nini tumfagilie mtu ambaye mwaka 1896, katika vita vya Matabele huko Zimbabwe ya leo, aliamuru chifu Uwini apigwe risasi akiwa mateka mikononi mwake. Mwingine, skauti wa miaka mingi, alijibu kwamba bila chama cha yule mzee yeye asingejua hata kusoma ramani. Wote wawili walisema kweli. Nimeamua hivi: tutaendelea kufagia, kwa kuwa kufagia si kusifu, ila mwongozaji wetu akisimulia Mafeking, ule mji wa Afrika Kusini aliopatia sifa kwa kuulinda ulipozingirwa na Makaburu, asimulie na Uwini. Asiyeweza kusimulia yote mawili tutampangia lango.

Kanisa la Waitaliano halihitaji ufagio wetu. Linatunzwa kuliko makanisa mengi ya walio hai. Humo yumo Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyekuwa mkuu wa himaya ya Italia katika Afrika Mashariki. Alisalimu amri Amba Alagi, Ethiopia, mwezi wa Mei 1941, akafa Nairobi tarehe 3 Machi 1942 akiwa mateka wa Waingereza. Amezungukwa na wanajeshi wake 676, kila mmoja na nafasi yake ukutani. Tulikwenda mara moja, tukasaini kitabu, tukarudi.

Lakini kuna Mwitaliano mmoja ambaye nataka tukae naye kidogo, maana ndiye aliyetufungulia njia ya kutoka humu tulimojifungia. Sista Irene Stefani aliletwa na shirika la Consolata mwaka 1915, msichana wa miaka ishirini na tatu. Vita vya kwanza vilikuwa vimepamba moto mpakani na Wajerumani, na vijana wetu walikuwa wakikusanywa kwa maelfu wawe wapagazi, kubeba risasi na unga mgongoni hadi kusini mwa Tanganyika. Wengi hawakuuawa na risasi. Walimalizwa na kuhara, malaria na njaa. Irene alipelekwa kuwauguza kwenye hospitali za wapagazi Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Vita vilipokwisha akarudi huku, akakaa Gikondi, akifundisha na kutembelea wagonjwa mlima kwa mlima, mpaka watu wakamwita Nyaatha, mama wa huruma. Mwezi wa Oktoba 1930 alimuuguza mwalimu aliyeshikwa na tauni, akaambukizwa, akafa tarehe 31. Alizikwa Mathari. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa mwenyeheri hapahapa Nyeri, kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, na mabaki yake sasa yamo katika kanisa kuu la mjini.

Kaburi lake tunalo. Wale aliowafumba macho, je? Neno lililobaki la wapagazi ni jina la mahali: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, yote mawili yametokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps. Pale Nairobi, barabara ya Kenyatta, ipo sanamu ya askari na wapagazi yenye maandishi ya Kiswahili yanayowaahidi kwamba hata wakifa, watoto wao watakumbuka majina yao. Izunguke sanamu nzima, hutaona jina hata moja.

Na ni Kariokor hiyohiyo alikopelekwa Wangari Maathai mwezi wa Oktoba 2011. Mzaliwa wa Ihithe, mshindi wa Nobeli ya Amani ya mwaka 2004, aliagiza asizikwe katika jeneza la mbao, akachomwa katika jeneza la mianzi, magugu maji na mafunjo. Majivu yake yako Kabete, penye taasisi yenye jina lake. Mwanachama mmoja aliniambia huyu basi hatuhusu, kwa kuwa hana kaburi Nyeri. Nilimjibu kwamba Baden-Powell hakuzaliwa Nyeri na anatuhusu.

Kazi mpya ya mwaka huu ilikuwa ndogo na ya kimya: kutembelea makaburi ya mashambani. Yale yanayojulikana na kila mtu hayatusumbui. Mzee Mwai Kibaki, rais wa tatu, amelala nyumbani kwake Othaya tangu tarehe 30 Aprili 2022, karibu na mkewe Mama Lucy, aliyezikwa huko Mei 2016. Hao hawatapotea. Wanaopotea ni wale wa daraja la chini yao: walimu wa kwanza wa shule za kujitegemea, wakunga, wazee wa kanisa, waliotoka kizuizini wakarudi kimya kimya kulima. Shamba linagawanywa kwa watoto saba, mmoja anauza kipande chake, na hati ya shamba haitaji kaburi. Mwenye shamba mpya analeta trekta. Tulifika kwenye boma moja ambapo mjukuu alituonyesha mahali kwa kidole, akasogea kidogo, akaonyesha tena, kisha akakiri kwamba hana hakika kama ni chini ya banda la ng'ombe au kando yake. Babu yake alifungwa kizuizini na mkoloni wakati wa hali ya hatari, miaka ya hamsini. Jina lake tumeliandika, kwa ruhusa ya familia, na hapa silitaji.

Nimemweka mwisho yule ambaye nyote mnamngoja.

Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alizaliwa Thenge, Tetu, tarehe 31 Oktoba 1920. Alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 pembezoni mwa msitu, ndani ya kaunti hii, akahukumiwa hapahapa Nyeri, akanyongwa katika gereza la Kamiti alfajiri ya tarehe 18 Februari 1957. Akazikwa humo gerezani, kaburi lisilo na alama. Siku nne tu baada ya tarehe hiyo, kila Februari, ndipo skauti wanapofurika St Peter's. Barabara ya mjini ina jina lake, chuo kikuu kina jina lake, na mjini tunao mnara wa ukumbusho wa Wakikuyu waliokufa wakipigania uhuru, nao pia hauna majina. Mjane wake, Mama Mukami, alidai mifupa ya mumewe miaka yote ya uhuru. Alifariki Mei 2023, akazikwa Njabini, Nyandarua, hajaiona.

Kwa hiyo nawaletea pendekezo la kurekebisha katiba yetu ili chama kiandikishe pia makaburi ya mashambani, na watu wa Nyeri waliozikwa nje ya Nyeri. Najua hofu iliyopo, hata mimi ninayo. Kaburi la shambani ni la familia. Hatutampeleka mgeni pale, hatutatangaza ramani, wala hatutaandika jina bila mwenye boma kutia sahihi. Familia ikibadili nia, ukurasa unatolewa. Kwa upande wa Kimathi napendekeza ukurasa wenye jina, tarehe na neno Kamiti, na nafasi tunapobandika picha ya jiwe iachwe wazi. Pendekezo likipita, ukurasa huo ndio utakaokuwa wa kwanza daftarini, na waheshimiwa wa St Peter's watasogea nyuma.

Hesabu ataisoma mwekahazina, sina la kuongeza ila kwamba brashi laini ni ghali kuliko za waya. Barua zetu tatu za kuomba kibali cha kuweka kibao cha kuelekeza njia zimepokelewa, zimegongwa muhuri na hazijajibiwa. Ya nne nitaipeleka mwenyewe na nitakaa pale benchini hadi chakula cha mchana. Ada ya mwaka haipandi. Wanaodaiwa wanajijua, na katibu anawajua zaidi.

Siku ya usafi ijayo ni tarehe 18 Februari, si 22. Asubuhi tutakuwa St Peter's kama kawaida, saa nane tutakutana penye mnara mjini. Kila mmoja abebe ndoo na kitambaa. Mwenye mzee aliyezaliwa kabla ya mwaka 1945 na anayekumbuka nani alizikwa wapi, amlete, tutatuma gari. Fomu za ruhusa ya familia ziko kwa katibu kuanzia leo.

Na tafadhali, asidi ibaki nyumbani.

Wenu,
Mwenyekiti