Mwanangu, usikubali kurasa zile zikatwe

Kihesa, Iringa

Mwanangu,

Tangu uliponiambia kwenye simu kwamba Jumatatu unakwenda Dar kusaini mkataba wa kitabu chako cha watoto, na kwamba mhariri anataka kikatwe kurasa nane, kichwani nahesabu kurasa tu. Sikukujibu palepale kwa sababu baba yako alikuwa anasikiliza, na alishaanza kushangilia. Sasa nakuandikia, upate kusoma ukiwa umetulia kwenye treni.

Hoja ya mhariri naielewa. Karatasi kubwa ya kiwandani ikikunjwa inatoa kurasa 8 au 16, kwa hiyo kitabu cha kurasa 32 kikiwa ghali hakishuki hadi 30, kinashuka hadi 24. Nane lazima ziondoke. Lakini kwa nini ziwe zile za 11 hadi 18, ambamo jiko la jua alilotengeneza Sekela, binti wa hadithi yako, kwa boksi na foili linagoma? Unasema hadithi itakwenda mbio. Iende wapi? Ukizitoa, Sekela anakunja boksi ukurasa wa 10, na ukurasa unaofuata maji yamepata moto, kijiji kinapiga makofi. Huo utakuwa muujiza, na hadithi za miujiza watoto wanazo za kutosha.

Kuna jambo sijakwambia. Mswada wako niliwasomea watoto wa jirani, wale wanaokuja kuchota maji kwetu. Nilipofika pale sufuria imeshinda juani na maji ni vuguvugu tu, nikaweka karatasi chini nikaenda kutazama maharage jikoni. Kurudi, nikawakuta wanabishana. Yule mdogo wa kike, ambaye huwa hasemi, akaniambia, "Bibi, sufuria inang'aa, inalirudisha jua." Hakuwa amesikia ukurasa wa mbele, ule ambao Sekela anaipaka masizi! Tulipofika kwenye upepo unaopoza boksi lisilo na kioo, hawakuningoja tena. Walikwenda kutafuta boksi. Bila kurasa zile wangesikiliza mpaka mwisho, wakasema asante bibi, wakajitwika ndoo zao.

Na wewe umepita mbele ya chuo cha Mkwawa miaka yote. Habari ya Erasto Mpemba unaijua, ila naona hujaifikiria kama mwandishi. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake, akaogopa kukosa nafasi kwenye friji, akaingiza maziwa yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika hapa Mkwawa, ilipokuwa bado sekondari, akamuuliza Denis Osborne, mwanafizikia aliyekuja kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne hakumcheka, alikwenda kupima, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana jambo hilo hutokea lini na kwa nini. Sasa mtu aje akate kicheko na mwalimu asiyeamini, abakize maziwa na umaarufu. Nani atajifunza kuuliza swali mara ya pili? Mimi namtaka binti kwenye kitabu anayechekwa hivyohivyo, na kesho yake anarudi na boksi lake.

Nakazia kwa ajili ya wasichana. Kwenye maabara niliyofundisha, wavulana ndio walioshika vifaa, wasichana wakaandika matokeo. Madaftari yao yalikuwa masafi mno na mimi nikayapa alama za juu. Nayafikiria sana siku hizi. Msichana aliyesifiwa usafi wa daftari tangu darasa la kwanza anaogopa kuharibu, na asiyetaka kuharibu hagusi kitu. Wewe mwenyewe ulivyokuwa unachana ukurasa kwa tone la wino, sina haja ya kukusimulia. Ndiyo maana niliposoma Sekela ameharibu mara tatu na hajalia, niliweka mswada mapajani nikamwita baba yako aje asome. Nilijivunia sana, mama.

Lakini ukurasa wa 22 sikuupenda. Umeandika maji yalifika nyuzi 100 yakachemka, na kijiji umekiweka huku Iringa. Huku juu, karibu mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Na ulikuwa unapata A ya fizikia! Tena hayana haja ya kuchemka: yakishikilia nyuzi 65 kwa dakika kadhaa, vijidudu vingi vya maradhi vinakufa. Andika hivyo. Kuna mtoto atalitengeneza jiko kwa boksi la kweli, asione povu, aseme mimi ndiye sijui. Uongeze pia kwamba mtu asiukodolee macho mng'ao wa foili, na kioo akate mtu mzima.

Kama nane ni lazima, kata sherehe. Mkuu wa wilaya, kombe na hotuba vimekula kurasa za 25 hadi 30, hizo ni sita. Kata na ile ya 3 na ya 4, Sekela anaamka, anapiga mswaki, anakunywa chai. Hakuna mtoto atakayezililia. Nane hizo. Mwambie mhariri hivyo kwa heshima, usitikisike, na usiseme ni mama kasema.

Dar kuna joto, sweta uliache. Chandarua beba. Baba yako presha yake imeshuka, dawa anameza ila lazima nimsimamie. Bati la upande wa jikoni lilinyanyuliwa na upepo, fundi amekuja kuangalia tu na kutaja bei. Nimempa kondakta wa basi debe la maharage, nusu ni yako na nusu ya shangazi yako utakayefikia kwake, usifike mikono mitupu. Nauli baba yako anakuongezea, ipokee, usimkatalie.

Jumatatu kabla hujaweka sahihi, nipigie. Hata kama umeshakaa nao mezani, toka nje unipigie. Wakikataa kukata sherehe, waombe wiki moja utafute pengine pa kukata, lakini zile za 11 hadi 18 zisiguswe.

Mama yako