YAH: Malalamiko kuhusu mbwa anayekohoa kutotengwa kituoni kwenu

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mbwa wangu, Simba, alilala kituoni kwenu nilipokuwa safarini. Nilimleta akiwa mzima, na mhudumu wenu aliikagua kadi yake ya chanjo ukurasa kwa ukurasa. Siku niliyokuja kumchukua, banda lililopakana na lake lilikuwa na mbwa aliyekohoa kikohozi kikavu, shingo ameinyoosha, na kila akimaliza anajikamua kama anayetapika, linatoka povu jeupe tu. Nilipouliza, nikaambiwa amebanwa na mkanda wa shingoni. Mhudumu yuleyule alitoka kufuta banda hilo, akaingia la Simba na tambara lilelile na ndoo ileile.

Hazikupita siku nyingi, Simba naye akaanza kukohoa hivyohivyo. Daktari wa mifugo amethibitisha ni kikohozi cha kuambukiza, nacho kimeshashuka mapafuni.

Kadi ya chanjo ndiyo kinga pekee niliyoiona kwenu, na haitoshi. Kikohozi hiki huletwa na vijidudu vingi: bakteria wa Bordetella bronchiseptica, virusi vya parainfluenza, adenovirusi, hata mafua ya mbwa aina ya H3N2. Chanjo hupunguza makali, lakini mbwa aliyechanjwa bado anaweza kuugua na kuambukiza wenzake. Tena mwenye mafua huanza kueneza virusi kabla hajakohoa, kwa hiyo kikohozi cha kwanza kikisikika tayari mmechelewa. Kusubiri hadi mwenyewe aje kumchukua ni kuwaachia wote waugue.

Mbwa yule alipaswa kuhamishiwa saa ileile chumba kisichopitisha hewa yake kwa wengine, ahudumiwe mwisho, kwa bakuli na vifaa vyake mwenyewe, na mhudumu anawe mikono na kubadili nguo. Virusi vya mafua hukaa kwenye nguo hadi saa 24, na kwenye sehemu ngumu kama sakafu hadi 48. Dawa ya klorini mnayonyunyizia juu ya uchafu haifanyi kazi. Banda huoshwa kwanza kwa sabuni, ndipo dawa ipakwe na kuachwa ikiwa mbichi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Hayo si mambo ya gharama kubwa. Chumba cha kutengea ndicho kitakachowagharimu, na kituo kinachopokea mbwa wa watu hakipaswi kufunguliwa bila hicho.

Naomba mnirudishie gharama za matibabu, risiti nimeziambatanisha. Naomba pia maelezo ya maandishi: nani aliamua yule mbwa abaki pale, na kwa nini sikupigiwa simu. Lakini la haraka kuliko yote, wapigieni leo wenye mbwa wote waliokuwa humo siku zile. Wengine huenda wana watoto wa mbwa au mbwa wazee nyumbani, na hawajui wamebeba nini.

Wenu,
Mteja