Bastola ya kwanza iwe ya silinda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wale waliokwisha kupata leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na sasa wanapima bastola ipi wanunue. Wengi huvutwa na bastola ya magazini, yaani kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, kwa sababu ya idadi: Glock 17 inabeba risasi 17, rivolva, yaani bastola ya silinda, tano au sita. Ni kweli. Ila kwa anayeanza, idadi si jambo la kwanza.

Kinachowaponza wageni wa silaha ni risasi iliyobaki chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi ya kupigwa. Ukichomoa magazini, bastola inakuwa nyepesi mkononi na inaonekana tupu, kumbe moja bado imelala ndani. Kuitoa kuna mpangilio: magazini kwanza, kisha slaidi, kile chuma cha juu, ivutwe nyuma na kushikiliwa hapo, chemba itazamwe kwa macho na kupapaswa kwa kidole. Mtu akivuta slaidi kabla ya kuchomoa magazini, risasi ya zamani inaruka nje na mpya inapanda palepale. Anachomoa magazini, anaona amemaliza. Tena kuna bastola, Glock mojawapo, ambazo hazifunguki kwa kusafishwa mpaka triga ivutwe kwanza. Hapo ndipo mtu anajitoboa kiganja au anampiga aliye chumba cha pili.

Rivolva haina fumbo hilo. Unasukuma kitasa, silinda inalala pembeni, na matundu yote yako mbele ya macho. Elekeza mtutu juu, bonyeza fimbo ya kutolea maganda mara moja kwa nguvu, yanadondoka yote. Ukiibonyeza taratibu huku mtutu ukitazama chini, chembe za baruti zisizoungua zinaingia chini ya nyota ya kutolea maganda na silinda inagoma kufunga. Dawa yake ni mswaki mkavu.

Triga ya rivolva ni nzito, kiasi cha kilo 5, karibu mara mbili ya ile ya Glock. Mkono usiozoea huvuta mtutu ukaenda pembeni. Fanya mazoezi ya kuvuta kwa risasi bandia, ukitazama kama kilengeo cha mbele kinatikisika.

Usinunue kile kibastola kidogo cha mtutu wa inchi mbili, chenye mwili wa alumini na uzito usiofika nusu kilo. Kinapendeza mfukoni, lakini kinapiga teke mpaka mwanafunzi anaanza kufumba macho kabla ya mlio, na tabia hiyo kuiondoa ni kazi. Chukua cha chuma, mtutu inchi 4, uzito wa karibu kilo moja, risasi za .38 Special, aina ya kawaida ya rivolva. Kidole kisivuke mbele ya silinda: pale penye mwanya kati yake na mtutu panatoka moto unaochana ngozi.

Ukinunua iliyotumika, uliza kama ina kizuizi cha nyundo, kinachoizuia nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga risasi, isiigonge mpaka triga ivutwe. Zile za zamani ambazo sindano ya nyundo inagusa risasi moja kwa moja, zikianguka zinaweza kulipuka. Kwa hizo, tundu lililo chini ya nyundo liachwe tupu.

Risasi isipolipuka, shikilia mtutu kwenye shabaha sekunde 30. Ikilia kwa sauti dhaifu, acha kabisa: huenda imekwama mtutuni, na itakayofuata itaupasua.

Na wenye watoto wasitegemee uzito wa triga. Mtoto anaweza kuikoki nyundo kwa vidole gumba viwili, na ikishakokiwa triga inakuwa nyepesi sana. Toa risasi, acha silinda wazi, pitisha kufuli kwenye uwazi wa fremu, halafu iingie sefu. Risasi zikae kwenye sefu nyingine, na funguo zisikae pamoja.

Mwalimu wa shabaha,
Arusha